Barua ya wazi kwa mjomba: gesi, korosho na hili linaloitwa pato la mkoa

Mjomba, shikamoo.

Ulinitupia swali mbele ya wazee wenzako nikakaa kimya. Jibu ninalo, ila ni refu, na pilau ilikuwa inapoa. Uliuliza: "Ninyi mnaokaa Dodoma kila mwaka mnaandika kwamba Mtwara inakua. Inakulia wapi?" Wapo vijana wengi wa kusini wanaouliza hivyohivyo, wengine kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa, ndiyo maana nakujibu hadharani.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua pale nyumbani inaaminika kwamba mchumi wa serikali ndiye anayeshika funguo za kasha. Laiti! Mwongozo wa bajeti ukishatoka, kila halmashauri inapewa ukomo wake, yaani kiasi cha fedha isichoruhusiwa kukipita, na kuanzia hapo hadi Juni ni kuchambua maombi ambayo yakijumlishwa yanaupita ukomo mbali sana. Mimi naandika madokezo. Dokezo linasema: fedha zikiwekwa hapa, uzalishaji utaongezeka kwa njia hii, ajira zitapatikana kwa akina fulani, mapato ya halmashauri yatapanda au hayatapanda. Linapelekwa juu, linarudi na maswali, linapelekwa tena. Mwishoni wanaoamua ni waliopigiwa kura, na ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa kuna siku natamani isingekuwa hivyo.

Sasa tuje kwenye hiyo "inakua". Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukokotoa Pato la Taifa, kisha thamani hiyo hugawanywa kimkoa kwa viashiria kama mavuno, uzalishaji wa viwanda na madini, ajira na idadi ya watu. Kinachohesabiwa ni thamani iliyozalishwa ndani ya mipaka ya mkoa. Nani ameondoka na hela, hilo halimo. Gesi ya Mnazi Bay inahesabiwa Mtwara. Saruji ya Dangote pale Msijute, kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, nayo inahesabiwa Mtwara. Lakini faida ya mwenye hisa inamfuata mwenye hisa aliko, riba ya mkopo wa mtambo inalipwa benki iliko, na fundi wa mshahara mnono anajenga Kigamboni. Kwa hiyo mkoa unaweza kupanda kwenye jedwali mwaka uleule ambao korosho zimekutia hasara ukauza mbuzi ili mtoto alipiwe ada. Takwimu ni sahihi na wewe uko sahihi. Tunachokosea sisi ni kusimama jukwaani na jedwali hilo kana kwamba ni habari ya mifuko ya watu.

Na usidhani kusini ilisahaulika kwenye makaratasi. Sijui kama kuna pembe ya nchi iliyopangiwa kama hii yetu. Waingereza walikuja 1947 na mradi wa karanga: Nachingwea ikafyekwa, reli ikatandikwa, bandari ikajengwa Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na umekula paundi milioni 36 hivi, na reli ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, ukataja miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya, na Mtwara ikiwemo. Kisha wakaja Wafini na maji na mipango ya Lindi na Mtwara. Mwaka 2004 nchi nne, sisi, Msumbiji, Malawi na Zambia, zikasaini Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara.

Viwanda vya kubangua unavijua kuliko mimi, ulivipita ukienda shule. Benki ya Dunia ilikopesha, mitambo ikaletwa kutoka Italia na Japani, ikafungwa Newala, Masasi, Likombe na kwingineko. Wakati huohuo korosho zenyewe zilikuwa zinakimbia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei ya mkulima ilikuwa ya kukatisha tamaa, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia na salfa ya kuudhibiti haipatikani. Mitambo ikakosa cha kubangua. Baadhi ya majengo yale yakaishia kuwa maghala. Ninapoletewa andiko linalosema "kusini inahitaji kiwanda kikubwa cha korosho", huwa naanza kwa kutafuta ukurasa unaosema kiwanda kitakula nini mwezi wa Julai. Mara nyingi ukurasa huo haupo.

Kuhusu gesi nitakuambia jambo usilolipenda. Mwaka 2013, Januari na tena Mei bajeti ya wizara iliposomwa bungeni, Mtwara ilisimama ikisema gesi haitoki. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, na hakuna hesabu ya uchumi inayofuta hilo. Hasira naielewa: mkoa ulioona mradi baada ya mradi ukipita ulikuwa na haki ya kuuliza bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar linawaachia nini wao. Lakini madai yenyewe yaliangukia mahali pasipo pake. Soko la gesi lilikuwa Dar, kwenye mitambo ya umeme na viwanda, na gesi isiyo na mnunuzi ni shimo la gharama. Bomba lilizinduliwa 2015 na gesi ikaenda. Pa kukaba palikuwa kwenye masharti: umeme wa uhakika kwa mikoa ya kusini, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea mitambo ya Mtwara nje ya gridi ya Taifa, na ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, uliokuwa kwa miaka mingi asilimia 0.3 ya mauzo. Inaonekana ndogo, lakini kwa halmashauri inayotegemea ushuru wa korosho, ambao mwaka mmoja upo na mwaka wa pili haupo, ni fedha inayoweza kupangiwa. Muulize diwani wako ushuru huo umejenga nini. Si siri, hesabu zake zinapita kwenye baraza la madiwani.

Sasa korosho, maana hapo ndipo nilipotaka kufika.

Tangu msimu wa 2007/08 mnauza kwa stakabadhi ghalani. Mzigo unatoka AMCOS, chama chenu cha ushirika cha msingi, unaingia ghala kuu, mnada unafanyika, mnalipwa baadaye baada ya makato. Mnalalamikia makato, na baadhi ya malalamiko ni ya haki. Ila ngoja nikuonyeshe moja. Ushuru wa mazao wa asilimia 3 kisheria anautoa mnunuzi. Kwenye karatasi yako hauonekani kama makato yako. Lakini mnunuzi anajua ataulipa, basi anaupunguza kwenye bei anayoandika kabla hajaja mnadani. Umeulipa wewe, mjomba, bila kuona jina lako. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa, nao kwa sehemu kubwa unakufikia kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana sheria ilipobadilishwa Juni 2018, ile asilimia 65 ya ushuru huo iliyokuwa inarudi kwenye zao ikapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa kusini walikuja juu bungeni. Walikuwa na hoja ya kiuchumi, hata kama waliitoa kwa kelele.

Ushuru ule uliwekwa ili korosho zibanguliwe hapa. Mbona hazibanguliwi? Chukua kilo nne hadi tano za ghafi: ukizichemsha kwa mvuke, ukazikata moja moja, ukazikausha, ukamenya ngozi, ukachambua nzima na vipande, unabaki na kilo moja ya karanga, yaani kiini cha korosho kinacholiwa. Ganda lina mafuta yanayobabua vidole. Mama yangu anayo makovu yake. Mkono ukiteleza karanga ikavunjika, bei yake inaanguka. Kazi hii akina mama wetu wanaiweza, kwa hiyo tatizo halipo kwenye mikono.

Lipo kwenye kalenda. Minada yetu mingi ni Oktoba hadi Januari. Mwenye kiwanda Mtwara anayetaka wafanyakazi mwaka mzima lazima anunue ghafi ya mwaka mzima ndani ya wiki chache, kwa mkopo wa riba ya benki zetu, kisha aiweke ghalani akisubiri. Mwenzake wa Vietnam au India anakopa kwa riba nafuu, ananunua kwetu mwisho wa mwaka, na kuanzia Februari ananunua Ivory Coast na Ghana ambako msimu ndio unaanza. Mitambo yake hailali na hela yake haikai ghalani. Anapokuja mnadani anaweza kumpita wa kwetu kwa shilingi mia na bado akapata faida.

Hapo ndipo mvutano ulipo ofisini, na nataka uusikie kama ulivyo. Kuna wanaosema viwanda vya ndani vipewe nafasi ya kwanza kununua, kabla mnada haujafunguliwa kwa wengine. Ajira zitabaki Masasi na Newala, mafundi watapatikana, hata ganda litatumika. Kuna wanaosema ukimwondoa mshindani mkubwa mnadani bei inashuka, na anayelipia ajira hizo ni mkulima. Wote wawili wanasema kweli. Wewe ulidai kiwanda, na dakika tano baadaye ukadai bei irudi ile ya 2017/18 iliyopita shilingi 4,000. Mjomba, viwili hivyo vinanyang'anyana shilingi ileile. Binti yako aliyekaa nyumbani na cheti cha ufundi anataka kiwanda. Wewe mwenye mikorosho unataka Mvietnam aje na hela yake.

Msimamo wangu, kwa kuwa uliutaka: nafasi ya kwanza itolewe kwa kiasi kinacholingana na uwezo halisi wa kiwanda, bei yake ifuate mnada uliotangulia, na serikali ihangaike na mtaji wa kununua ghafi kuliko kuhangaika na majengo. Ushuru wa korosho ghafi ndio ungekuwa chanzo cha mtaji huo. Halafu barabara ya Mnivata hadi Newala na Masasi, na maji ya uwanda wa Makonde, maana mwanamke anayeamka saa tisa usiku kutafuta ndoo hawezi kuwa kiwandani saa moja. Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Wanasema shilingi ikiwekwa kwenye reli na bandari ya Dar inarudisha kodi haraka zaidi, na kodi hiyo ndiyo inayolipa walimu wa Tandahimba. Sina jibu la kuwafunga midomo, maana kwa hesabu za miaka mitano wako sahihi.

Bandari ya Mtwara nayo imeanza kuonyesha kitu tangu ilipoagizwa mwaka 2023 kwamba korosho zitokee huko badala ya kusombwa kwa malori hadi Dar. Wasafirishaji wanalalamikia uhaba wa makontena matupu, lakini mama ntilie wa Shangani hawajalalamika. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000, na nyingi bado zilisafiri na maganda yake.

Nina ombi. Mkutano mkuu wa AMCOS yenu ukifika, usiulize tu fedha zetu ziko wapi. Uliza wanachama: mpo tayari kushuka shilingi ngapi kwa kilo ili kiwanda kifanye kazi mwaka mzima hapa? Hamsini? Mia? Hata sifuri ni jibu. Niandikie watakachosema, au nirekodie sauti kama kawaida yako, ila zima redio kwanza. Na nipigie picha karatasi ya makato ya msimu uliopita, pande zote mbili, niipate kabla ya Novemba.

Nisalimie shangazi na wote.

Mpwa wako, Dodoma