Barua ya wazi kwa vijana wa mdahalo: Elizabeth hakukosa mchumba

Wanangu wa klabu ya historia,

Mlinialika kwenye mdahalo wenu kuhusu kwa nini Malkia Elizabeth I wa Uingereza hakuolewa kamwe, nikaja, nikakaa kimya mpaka mwisho kama mgeni mwenye adabu. Sasa niacheni niseme. Wavulana mlidai alikosa wa kumwoa. Wasichana mkajibu kwamba aliolewa na nchi yake, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mwalimu mstaafu mimi nikachemka! Pande zote mbili mlikuwa mkisimulia tamthilia ya mapenzi.

Wa kumwoa walikuwepo tele: Philip wa Hispania, Erik wa Sweden, Charles wa Austria, na wengine. Kasoro ilikuwa kwamba kila mume alikuja na bei yake. Anzeni na dada yake, Mary Tudor, malkia aliyemtangulia, aliyeolewa na huyo huyo Philip mwaka 1554. Mkataba wa ndoa uliandikwa kwa makini: mume asiwape wageni vyeo vya Uingereza, wala asiiburute nchi kwenye vita vyake. Mwaka 1557 Uingereza ikajikuta vitani na Ufaransa, upande wa Hispania. Januari 1558 ikapoteza Calais, kipande cha mwisho ilichokuwa nacho katika ardhi ya Ufaransa. Karatasi ilisema lake, unyumba ukasema lake.

Tena, habari za ndoa hiyo zilizua uasi wa Thomas Wyatt, na Elizabeth akashukiwa kuhusika. Akafungwa katika Mnara wa London, binti wa miaka 20, ilhali mama yake, Anne Boleyn, alikatwa kichwa mumo humo kwa amri ya mumewe, baba wa binti huyo. Msichana wa namna hiyo mlitaka aikimbilie ndoa?

Basi aolewe na Mwingereza? Robert Dudley alikuwepo, na malkia alimpenda, hilo sibishi. Lakini mwaka 1560 mke wa Dudley alikutwa amekufa chini ya ngazi, na uvumi kwamba aliuawa ili Dudley amwoe malkia ukaenea Ulaya nzima. Na Mary Stuart, malkia wa Uskoti, aliyeolewa na makabaila wawili, Darnley kisha Bothwell, mwaka 1567 hakuwa na kiti cha enzi tena.

Mfalme akioa, mkewe hakuwa bwana wake. Malkia akiolewa, dini na desturi zilimtambua mume kuwa kichwa. Bunge likamkalia Elizabeth kooni mwaka 1559, 1563 na 1566: olewa, utupe mrithi. Msicheke. Hata kwetu mwanamke akichukua fomu ya kugombea, kuna wazee wenzangu, watu wazima na mvi zao, wanaouliza kwanza mume wake ni nani.

Nanyi wasichana, mabinti zangu niwapendao, msijenge sanamu. Mwaka 1579 malkia, akiwa na miaka 46, alikaribia kuolewa na mtawala wa Anjou, kijana wa Kifaransa wa miaka 24. John Stubbs akaandika kijitabu cha kupinga. Akakatwa mkono wa kuume hadharani pale Westminster, kwa sheria iliyotungwa enzi za Mary na Philip. Alivua kofia kwa mkono uliobaki, akapaza sauti Mungu amlinde malkia, akazimia. Huo nao ni utawala wa malkia asiye na mume, na katika mdahalo wenu hakuna aliyeugusa.

Suala la mrithi, ambaye Elizabeth alikataa kumtaja, lilikuwa na ukali wake pia. Mbunge Peter Wentworth aliling'ang'ania, akatupwa Mnarani mwaka 1593 na kufia humo. Elizabeth alijua anachokiogopa: dada yake alipotawala, wapinzani walikuwa wakimtazamia yeye, mrithi wa kiti. Alipofariki mwaka 1603, kiti kilikwenda kwa James, mtoto wa yule Mary Stuart ambaye yeye mwenyewe aliridhia akatwe kichwa mwaka 1587.

Nasikia mdahalo ujao ni wa Malkia Christina wa Sweden, aliyekataa kuolewa, kisha akaachia kiti mwaka 1654. Habari za mchumba ziacheni nyumbani. Yeye alihakikisha binamu yake, Karl Gustav, anatambuliwa kuwa mrithi mapema, mwaka 1649. Njooni mnieleze kwa nini yeye aliweza na Elizabeth hakuthubutu. Nitakaa mbele safari hii.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu