Filamu ndogo zipewe muda wa kuuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaopima filamu huru za kusisimua, yaani zisizotengenezwa na studio kubwa, kwa mauzo ya tiketi ya wiki ya kwanza. Memento ya Christopher Nolan ilikataliwa na wasambazaji wakubwa wa Marekani, hata kampuni ya Newmarket iliyoigharamia ikaamua kuisambaza yenyewe. Machi 2001 ilianza katika kumbi 11 tu, ikaongezewa kumbi kadiri sifa zake zilivyoenea, na hatimaye ikaingiza takriban dola milioni 25 nchini humo. Kisha ikapata watazamaji wengine majumbani kupitia DVD, kwani hadithi inayosimuliwa kinyumenyume humfanya mtu atake kuitazama tena.

Kwetu Unguja na Pemba soko hilo la majumbani ndilo muhimu zaidi, kwa kuwa tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar (ZIFF) pale Ngome Kongwe, Unguja, huisha baada ya siku chache. Inaniuma kuona kazi ya kijana wetu ikinakiliwa na kuuzwa mitaani bila yeye kupata chochote. COSOZA, yenye dhamana ya hakimiliki Zanzibar, iwafikie wauzaji hadi Wete na Chake Chake, na wenye vibanda vya video wauziwe leseni kwa bei wanayoimudu.

Msomaji wako,
Wete, Pemba