Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Mabomba ya plastiki yapimwe kabla hayajafukiwa

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wa Arusha tunajua maji kuwa meupe huku yamebeba kitu. Floraidi ya miamba ya Mlima Meru tuliiona kwenye meno ya watoto, yakiwa yameshageuka kahawia. Leo ukomo wake unajulikana, miligramu 1.5 kwa lita. Kemikali zinazotoka kwenye mabomba haziachi alama kama hiyo, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Bomba la plastiki lina viungo vingi, vikiwemo vya kulikinga na joto na klorini. Baadhi yake, na masalia ya kiwandani, huingia kwenye maji kidogo kidogo. PVC, aina mojawapo ya plastiki ya mabomba, inaweza kutoa vinaili kloraidi, kemikali inayosababisha saratani. Shirika la Afya Duniani limeiwekea ukomo wa mikrogramu 0.3 kwa lita. Joto huzidisha hali hiyo, na maji kulala bombani vilevile.

Sasa fika Muriet saa saba mchana. Mabomba meusi tuliyonunua wenyewe dukani yamelala juani, pembeni ya uzio. Maji ya mgao yakirudi, ndoo ya kwanza ni ya vuguvugu na inanuka plastiki. Kuna mama anayeimwaga, na kuna asiyethubutu, kwa kuwa mita imeshasoma.

Hatari hii inaweza kukadiriwa. Kipande cha bomba hujazwa maji, huachwa siku kadhaa, kisha maji yanapimwa. Kemikali ambayo sumu yake haijachunguzwa hulinganishwa kwa kompyuta na zinazofanana nayo kimaumbile. Makadirio hayathibitishi ugonjwa, ila yanaonyesha pa kuanzia. Nawahofia zaidi watoto wachanga: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mtu mzima wa kilo 60 hunywa lita 2 kwa siku, mtoto wa chupa wa kilo 5 hunywa lita 0.75. Kwa kila kilo ya mwili, mtoto anapata zaidi ya mara nne ya mtu mzima.

Naomba, Mheshimiwa, viwanda na waagizaji wakabidhi orodha ya viungo vya mabomba yao. Majaribio yafanyike kwenye joto la juani, na sampuli zichukuliwe kwenye ile ndoo ya kwanza. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko hapa hapa Arusha, ishirikishwe. Majibu yabandikwe ofisi za kata. Tuanze na mabomba membamba ya majumbani, maana humo maji hugusana zaidi na plastiki.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Muriet, Arusha