Uso wa sita nimekuachia

Igogo, Mwanza

Mama,

Mwangaluka. Huku wote wazima. Mama yako anakusalimu, na dagaa wako wameshakauka, wanangoja tu mtu wa kuaminika anayekuja huko.

Ujumbe wako ulinifikia Jumamosi mchana nikiwa karakana. Mikono ilikuwa na oili hadi kwenye viwiko, nikampa kijana simu anisomee. Akausoma kwa sauti: "Baba, hilo chuma wape watu wa vyuma chakavu wapime kilo, hela yake uongezee ununue mashine mpya." Nimekaa nao siku nne. Sikukasirika, mwanangu. Wewe ndiye unayesomea uhandisi, na kwa picha niliyokutumia mwaka jana mtu yeyote angesema hivyo hivyo. Lakini ninayotaka kukueleza hayatoshi kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mashine yenyewe, lezi ya kukerezea vyuma yenye kichwa cha kuzunguka, niliitoa kwenye stoo ya jineri moja ya zamani, njia ya Magu, ambayo haijachambua pamba kwa miaka mingi. Babu yako alipeleka pamba pale tangu mimi sijaanza shule. Ndiyo iliyokuwa dhahabu nyeupe ya Usukumani, na alikuwa akituambia kwamba king'ora cha jineri kilikuwa saa ya kijiji kizima. Jineri za siku zile zilikuwa na karakana zao. Bushi, yaani kile kipande chenye tundu ambamo shafti huzunguka, ikilika katikati ya msimu huwezi kungoja spea ivuke bahari huku pamba ya watu inarundikana uwanjani; unakereza mwenyewe usiku huo huo. Mashine hii ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Kibao cha ubavuni nilikisugua hadi maandishi yakatokea: Alfred Herbert, Coventry. Kampuni hiyo ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa mashine za karakana duniani, na ilikufa miaka ya 1980. Kwa hiyo hakuna duka la kwenda kuulizia spea. Spea tunazitengeneza sisi.

Kwenye lezi mliyofundishiwa chuoni, kila hatua inataka ufungue kifaa, ufunge kingine, upime upya. Hii ina kichwa cha pembe sita, na kila uso una shimo la kushika kifaa chake. Uso wa kwanza ni kizuizi cha kupimia urefu wa chuma kinachotokezwa. Wa pili unatia alama katikati. Wa tatu unatoboa. Wa nne unapanua. Wa tano unalainisha kwa rima. Na wa sita, kazi ikiwa ya bolti, unakata hesi, yaani meno yake. Ukivuta usukani nyuma hadi mwisho, pini inachomoka, kichwa kinazunguka sehemu moja kwa sita, pini inazama tena. Ukisukuma mbele, kifaa kinachofuata kinakata hadi bolti ya kikomo igonge. Kila uso una kikomo chake. Fundi akishavipanga asubuhi, kijana aliyejifunza wiki mbili anaweza kutoa bushi mia zinazolingana. Kwenye lezi yetu ya kawaida bushi moja ya gurudumu la plau inanichukua zaidi ya dakika kumi, na unajua wakulima wanavyotujia wote kwa pamoja mvua zinapokaribia.

Ilikuja kwa kanta, tukaishusha kwa kuiviringisha juu ya mabomba. Kutu ilikuwa imeishika, kichwa hakitikisiki. Watu wakaniletea nyundo. Nikawakataza, kwa sababu mwili wake ni chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka. Tuliloweka kila kiungo kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ya giaboksi, na kila jioni kabla ya kufunga nilijaribu kwa mkono, bila kulazimisha. Siku ya tisa kichwa kikasogea unene wa ukucha. Nilirudi nyumbani nikamwamsha mama yako kumwambia.

Vipande vidogo nilivisafisha kwa magadi, haya haya ya kuivishia maharage. Yayeyushe kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, chukua chaja ya betri ya volti 12, waya hasi ufunge kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye nondo chakavu, na vyuma hivyo viwili visigusane. Povu linaanza kupanda, na kesho yake kutu imekuwa tope jeusi unaloliondoa kwa brashi, chuma kizima hakijaliwa kama kinavyoliwa na tindikali. Ukijaribu huko kwenu, usitie chumvi badala ya magadi, itatoa hewa ya klorini. Wala upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kromu yake inaingia kwenye maji ikiwa sumu. Fanyia nje, maana povu lile lina haidrojeni na cheche moja inatosha. Springi nilizisugua kwa mkono, sikuzitia humo kabisa: haidrojeni ikiingia kwenye chuma kigumu hukifanya tete.

Shafti kuu inazunguka ndani ya mabushi ya shaba, na oili inafika pale kwa utambi. Ndiyo, utambi kama wa koroboi. Upande mmoja umezama kwenye kikombe cha oili, upande wa pili unaning'inia juu ya shafti, na oili inapanda yenyewe na kudondoka tone kwa tone. Tambi za zamani zilikuwa zimekauka kama kuni. Nilikwenda Makoroboi kutafuta, nikiwaza wale mafundi wa mabati waliokuwa wakitengenezea koroboi pale, lakini siku hizi ni nguo tupu. Nikazisokota mwenyewe kwa uzi wa sufu. Pamba ilikuwa jirani zaidi na historia ya mashine, ila sufu inavuta oili vizuri na haishikani kuwa donge.

Sasa mabadiliko, maana nadhani hapa ndipo uliponihofia. Zamani mashine ilivutwa na mkanda wa ngozi kutoka kwenye shafti ndefu iliyopita juu darini, injini moja ikizungusha karakana nzima. Mimi nina umeme wa fezi moja na luku yake. Nimefunga mota ya kilowati 2.2 ya fezi tatu, mizunguko 1,440 kwa dakika, inayolishwa na kidhibiti mwendo cha kielektroniki. Vijana wanakiita invata, ingawa si ile ya sola. Kinapokea volti 230 za fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 230, kwa hiyo mota yenye kibao cha 230/400 lazima waya zake ziunganishwe kwa mpangilio wa delta. Mtu aliyenifungia mara ya kwanza aliiacha kwenye mpangilio wa stari, na mota ikawa haina nguvu hata ya kukata shaba.

Kidhibiti kile kinaweza kushusha mwendo kwa kubonyeza tu, lakini sikukitegemea peke yake. Ukiishusha sana mota, feni yake nayo inazunguka polepole na mota inaungua kimya kimya. Mwendo mkubwa na mdogo naupata kwa puli, kile kidude kinarekebisha kidogo tu. Na kati ya puli za mwisho na shafti kuu nimeacha mkanda bapa kama ulivyokuwa. Wengi wameniambia niweke mnyororo, hautelezi. Ndiyo sababu siutaki. Kifaa kikikwama ndani ya chuma, mkanda unateleza na kulia, nazima. Mnyororo ungevunja pini au kichwa chenyewe, na hicho sitakipata tena maishani mwangu.

Jambo jingine ni inchi. Mashine yote ni ya inchi: mstari mmoja wa usukani ni 0.001 ya inchi, yaani milimita 0.0254, na bolti zake zina hesi za Whitworth zenye pembe ya digrii 55, wakati za milimita zina digrii 60. Nati ya milimita inayokaribia kipimo itaanza kuingia vizuri, itakudanganya mizunguko miwili, halafu itakata meno. Kijana mmoja wa hapa alitaka kutoboa na kukata upya mashimo yote kuwa ya milimita ili tununue bolti dukani. Nilimzuia akiwa ameshashika keekee. Hata mashimo ya kichwa ni ya inchi moja, milimita 25.4, na vishikio vya siku hizi ni vya 25, kwa hiyo vinacheza. Badala ya kugusa kichwa nilikereza mikono sita ya chuma: nje inchi kamili, ndani kipimo cha kifaa cha leo. Mkono ukilika natupa mkono.

Hiyo ndiyo sheria niliyojiwekea tangu siku ya kwanza, na ningependa uijue kwa sababu siku moja karakana hii itakuwa mikononi mwako. Nilichoongeza chote kinafunguka kwa spana. Mota imekaa juu ya kitako nilichokifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Kinga ya mkanda imeshikwa na vibano. Chuma cha zamani sijakitoboa hata tundu moja. Akija mtu baada yangu mwenye akili kuliko yangu, atakuta mashine kama walivyoitengeneza, afanye lake.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa pini. Mwezi wa pili tulipata kazi ya bushi mia mbili. Asubuhi arobaini za kwanza zilitoka safi, nikaenda kunywa chai. Kurudi, mashimo yamepanuka, mengine yamekaa upande. Nikadhani ni biti ya uso wa tatu. Nikaweka kibati chini ya kifaa, ikatengemaa saa moja, halafu uso wa nne ukaanza. Nikaweka kibati huko nako. Siku tatu nilirekebisha uso mmoja na mwingine unaharibika, na chuma cha mteja kinaisha. Nilimrudishia fedha yake ya malighafi kutoka mfukoni mwangu.

Usiku wa tatu nilikaa mbele ya mashine taa imewaka, meli ikapiga honi kule Mwanza Kusini, na mimi nikafunga saa ya kupimia, ile ambayo sindano yake huonyesha hata mtikisiko mdogo, kwenye shafti kuu, ncha yake nikaigusisha kwenye kifaa cha uso wa tatu. Nikazungusha kichwa mzunguko mzima na kurudi uso ule ule, mara kumi. Kila mara namba ilikuwa nyingine, tofauti ikifika milimita 0.3. Kwa hiyo biti haikuwa na kosa, wala kibati hakikuwa na maana. Kichwa hakikuwa kikirudi mahali pamoja. Pini ilikuwa imelika upande mmoja, springi yake imechoka, na vibushi sita ambamo pini huzama vilikuwa vimetanuka kila kimoja kwa namna yake. Mimi nilikuwa nasahihisha mbele jambo linaloharibikia nyuma.

Nilikereza pini mpya ya nusu inchi kutoka kwenye ekseli ya gari, nikaipasha na kuizamisha kwenye oili ikawa ngumu. Vibushi nimevifanya laini kidogo kuliko pini, ili kinachokwisha kiwe kile kinachobadilishika. Lakini kuvipanga ndiyo kazi yenyewe. Unaweka kibushi chenye tundu dogo, unazungusha kichwa hadi saa iliyofungwa kwenye shafti kuu izunguke ndani ya shimo la uso huo bila sindano kutikisika, unakibana kichwa kwa vibano, kisha unapitisha rima kwenye njia ile ile ya pini hadi kibushi kipate tundu lake. Shafti yenyewe ndiyo inayoonyesha katikati ni wapi. Nilifanya uso mmoja kwa siku. Nyuso tano sasa zinarudi ndani ya milimita 0.02, nimezipima kila asubuhi wiki nzima.

Uso wa sita sijaugusa. Rima yangu ilimeguka meno mawili nikimaliza wa tano, na hapa mjini nimeikosa. Ukipata nafasi pita Gerezani, huko Dar, uniulizie. Ni rima ya mkono ya nusu inchi, 12.7, si 12 wala 13. Watakuambia 13 ni ile ile, usikubali. Iangalie makali kwenye mwanga kabla ya kulipa. Fedha nitakutumia kesho kwenye simu.

Usiitume kwa basi. Njoo nayo likizo. Kibushi cha sita nimeshakikereza, nimekifunga kwenye kitambaa chenye oili, kipo kwenye droo ya juu pamoja na saa ya kupimia. Uso huo nataka uupange wewe kwa mikono yako, mimi nitakushikia taa. Lete ovaroli ya chuo na kitambaa cha kufunga nywele.

Wako,
Baba