Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu

YAH: NENO "UZEE" KWENYE KADI YA BABA YANGU

Ndugu Mganga Mfawidhi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nakupongeza kwa rangi mpya ya ukuta wa mapokezi. Imependeza. Jumatatu iliyopita tuliitazama vya kutosha, mimi na mzee wangu wa miaka 74, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kijana wa maabara alipofungua dirisha na kusema: "Mashine ya FBP imegoma, jaribuni wiki ijayo." FBP ni kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu.

Ni mara ya tatu. Mwezi wa pili, kwenye mkutano pale uwanja wa shule, ulishika kipaza sauti ukasema ikifika Juni hakuna mgonjwa atakayekosa kipimo cha damu. Nilipiga makofi. Sasa ni Oktoba.

Baba akikunja ngumi na kukunjua, kiganja kinabaki cheupe kama kimeshika unga. Akipiga mswaki, povu linatoka jekundu. Mwezi wa sita damu yake ilikuwa 5.8. Tukaambiwa tulete ndugu wawili wachangie ndipo aongezewe chupa mbili, tulileta watatu. Tangu hapo ni vidonge vya kuongeza damu tu, na kwenye kadi, kwa wino wa bluu, daktari wenu ameandika neno moja akalipigia mstari: uzee.

Nilijikamua nikampeleka maabara binafsi mjini. Karatasi yao ilionyesha chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zote zimeshuka. Mkaikataa. Mnataka majibu ya hapo hapo kwenu, kwenye mashine iliyogoma.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na wewe umeyasoma haya kuliko mimi, ila niruhusu nikukumbushe. Damu huzaliwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, na seli shina za uboho, zile zinazozaa seli zote za damu, nazo huzeeka. Vinasaba kama DNMT3A na TET2 vikipata hitilafu, seli moja huanza kuzaa kuliko wenzake, na ukoo wake ukatawala. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2022 ulikuta kwamba kwa wazee waliopita miaka 75, koo 12 hadi 18 tu za seli hutengeneza kati ya asilimia 30 na 60 ya damu, wakati kwa vijana kazi hiyo hugawanywa na maelfu kwa maelfu. Wengi huishi hivyo bila kuumwa. Lakini kwa wachache ndiko inakoanzia saratani ya damu, au uboho kushindwa kazi, na hapo vidonge vya madini chuma mtampa mpaka kopo liishe. Kwa hiyo hata kama ni uzee, Mganga, uzee huo nao hupimwa.

Baba alijaza mafuta kwenye magari miaka 19. Petroli ina benzini, na benzini huharibu uboho. Naishuku, siwezi kuapa. Labda ni kitu kidogo kabisa, nije nikuombe radhi kwa barua hii. Nitaomba kwa furaha.

Kuhusu mashine, mmoja ananiambia mkataba wa matengenezo haujalipwa, mwingine vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimekwisha, mlinzi anasema ni umeme. Hapo kwenu kila mtu ana majibu isipokuwa maabara.

Nilikuwa nimeandika madai sita. Nimefuta matano. Mpimeni baba yangu, na kipimo kikisema uboho, mwandikieni rufaa akatolewe sampuli ya uboho. Kama mashine haitapona, basi rufaa hiyo iandikwe kwa karatasi ile mliyoikataa. Bado ninayo, nimeitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Jumatatu tutakuwa dirishani saa kumi na mbili. Mpimeni.

Wako katika kusubiri,
Mtoto wa mgonjwa