Msaada usikome siku ya kukabidhiwa ufunguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninalolishuhudia kwa karibu tangu nilipoanza kujitolea, jioni tatu kwa wiki, katika kituo kinachowahifadhi watu wasio na makazi. Kila msimu wa baridi au wa mvua unapokaribia, vyombo vya habari huuliza swali lile lile: vituo vina vitanda vingapi, na jana usiku vilijaa vingapi? Swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa usiku mmoja wa kulala nje unatosha kumuua mtu. Hata hivyo, sisi tunaoshika daftari la mapokezi tunajua kwamba kitanda ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote za kazi hii.

Sehemu ngumu huanza asubuhi. Mtu aliyelala nje kwa muda mrefu mara nyingi hana kitambulisho, kwa sababu kiliibwa, kililowa au kilitupwa pamoja na mzigo wake siku alipofukuzwa mahali fulani. Ili apate kingine anaulizwa anwani. Ili awe na anwani anatakiwa awe na chumba. Ili apangishwe chumba anatakiwa aonyeshe kipato. Na ili aajiriwe anadaiwa kitambulisho kile kile alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Kituo humtoa katika mzunguko huo kwa kumruhusu kutumia anwani yake na kumwandikia barua ya utambulisho yenye muhuri. Sisi hutumia namba ya sanduku la posta pekee, bila jina la kituo, kwa kuwa wapo waajiri na wenye nyumba ambao wakiliona jina hilo hawasomi mstari wa pili.

Nilikuwepo mwanamume mmoja wa makamo alipopokea barua ya kwanza iliyoandikwa jina lake baada ya miaka mingi. Hakuifungua. Aliigeuzageuza, akasoma jina lake juu ya bahasha, akaketi nayo mapajani mpaka taa zilipozimwa. Ni mtu huyo huyo ambaye majuma ya mwanzo alilala na viatu vyake chini ya mto, kamba zake akiwa amezizungushia kifundo cha mkono, kwa maana huko alikotoka aliyevua viatu aliamka bila viatu. Hakuna aliyemkemea. Afisa wa ustawi wa jamii alimsalimu kwa jina kila jioni bila kumhoji, na jioni alipoviacha viatu sakafuni ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza, juu ya madeni, juu ya dawa alizoacha kuzitumia, na juu ya binti yake. Wapo wanaosema kwamba watu wa namna hii wakiwekewa tarehe ya mwisho ya kuondoka watajitahidi zaidi. Tarehe hizo nimeziona zikitumika. Anayebanwa kabla hajawa tayari huondoka usiku bila kuaga, na akirudi, hurudi hali yake ikiwa mbaya kuliko alivyokuja mara ya kwanza.

Baadaye alipata kazi ya usafi, kisha chumba cha kupanga. Siku aliyokabidhiwa ufunguo tulimpigia makofi, jina lake likafutwa daftarini, na kwa masharti ya waliotufadhili wakati ule, msaada wake ukafungwa siku hiyo hiyo. Usiku wa nne tulimkuta amesimama langoni. Alisema kimya cha chumba kile kimemshinda, na kwamba kitanda anacho lakini analala sakafuni, mgongo ukiegemea mlango. Hatukuruhusiwa kumfungulia faili jipya, kwa kuwa katika taarifa yetu alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa. Mwenzetu mmoja alimsindikiza kwake, akakaa naye hadi alfajiri, na kwa miezi mitano akawa anamtembelea kila juma kwa nauli yake mwenyewe. Chumba kile anacho hadi leo.

Kinachonisononesha ni kwamba dawa ya tatizo hili inajulikana. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika lililowapa nyumba watu waliokuwa wakiishi mitaani na maradhi ya akili, bila kuwataka kwanza waache pombe au wakubali matibabu. Ufini iliuchukua mwelekeo huo kuwa sera ya taifa mwaka 2008, ikageuza mabweni ya hifadhi kuwa nyumba za kupanga. Kanada iliupima kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba namna hiyo walidumu ndani yake kuliko wale walioachiwa huduma za kawaida. Wengi huusimulia mpango huo kana kwamba ni habari ya funguo tu. Wanasahau kwamba baada ya ufunguo walikuwepo watumishi waliolipwa kumtembelea mpangaji, kumsindikiza hospitali na kuzungumza na mwenye nyumba kodi inapochelewa.

Sisemi vituo vifungwe. Mama aliyekimbia kipigo na watoto wake anahitaji mlango utakaofunguliwa usiku huu huu. Ninachoomba ni kwamba halmashauri na wafadhili wailipie kazi inayofuata, angalau kwa miezi 12 baada ya mtu kuhamia kwake, na mafanikio yahesabiwe mwisho wa muda huo badala ya siku ya makofi. Ibara ya 25 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 imeyataja makazi pamoja na matibabu na huduma za jamii zilizo za lazima, bila kuvitenganisha.

Nawe, Ndugu Mhariri, nakuomba kwamba waandishi wako watakapokuja tena kutuuliza idadi ya vitanda, watuulize pia waliohama mwaka uliotangulia wanalala wapi sasa.

Wako,
Mhudumu wa kujitolea katika kituo cha hifadhi