Si filamu mbovu, ni mwendo wa mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Wiki mbili zilizopita mwandishi wenu mmoja alieleza jinsi alivyokaa kuangalia "Siegfried", ile filamu bubu ya Kijerumani ya mwaka 1924 iliyoongozwa na Fritz Lang, akaizima hata nusu hajafika. Anasema watu wanarukaruka kama waliokanyaga siafu, mashujaa wanatembea kama vifaranga, cha kuogopesha hakuna na cha kuhuzunisha hakuna. Akamaliza kwa kuhukumu kuwa watu wa kale hawakujua kutengeneza picha. Hapo ndipo chai iliponipalia.

Mimi nimeendesha mashine za sinema hapa Tanga miaka 22. Tukiitwa opereta. Nilikuwa nashinda kwenye kichumba cha juu chenye joto la tanuri kwa sababu ya taa za kaboni, na mashine mbili mbele yangu. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha, naiwasha ya pili. Ukichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unageuza shingo kuangalia lile tundu la ukutani, miluzi inaanza, na mama yako mzazi anatajwa. Kwa hiyo jambo la mwendo wa picha silijui kwa kusoma.

Filamu yenye sauti inakwenda picha 24 kwa sekunde, haizidi wala haipungui, maana ukigusa mwendo na sauti inaharibika. Zama za filamu bubu hapakuwa na sauti ya kulinda. Mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, picha 16, 18 au 20 kwa sekunde, na opereta wa ukumbini naye akaendesha kwa mwendo aliouona unafaa. Sasa chukua iliyopigwa kwa 18, uiendeshe kwa 24. Saa mbili zinakuwa saa moja na nusu, na mfalme anayetembea kwa madaha anakimbia kama aliyesahau chungu jikoni. Mwandishi wenu hakuangalia filamu mbovu. Aliangalia filamu inayokimbizwa.

Nina ushahidi, kwa sababu yalinikuta hayo hayo. Baada ya kusoma makala yake nilimwomba mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, anitafutie hiyo "Siegfried" kwenye simu yake. Akaipata, akaiunganisha na televisheni, na kweli, siafu watupu. Nikamwambia, "Punguza mwendo." Akabonyeza sehemu fulani, akachagua 0.75. Nilicheka peke yangu. Gawanya 18 kwa 24 uone unapata ngapi.

Muziki ndio ulioharibika, ukawa kama mlevi anayetafuta mlango, tukauzima. Maandishi ya katikati yalikuwa ya Kiingereza, mimi nikawa nayasoma kwa sauti na kuyatia Kiswahili, na pale nilipochoka nikatia chumvi yangu.

Mhariri, ilikuwa filamu nyingine. Chukua lile joka. Ni mashine kubwa, lenye urefu wa joka kweli, na ndani yake waliwekwa watu wa kulichezesha shingo, macho na mkia. Kwa mwendo wa mbio ni kitu cha kuchezea watoto. Kwa mwendo wake lina uzito. Linashuka mteremko taratibu, linainamisha kichwa kwenye maji, na Siegfried amesimama juu ya jiwe anaangalia. Msitu ule wote, yale mashina manene kama nguzo za msikiti, ulijengwa na mafundi studio, karibu na Berlin, na mwanga unapita katikati yake kama moshi wa ubani. Siegfried akaruka na upanga. Mjukuu wangu hakushangilia. Alisema, "Babu, lilikuwa linakunywa maji tu."

Sikuwa na jibu, nikaendelea kusoma maandishi.

Kisa chenyewe ni cha kale, utenzi wa Kijerumani wa miaka ya 1200 hivi ambao mtunzi wake hajulikani. Siegfried anaoga damu ya joka ili chuma kisimwingie, lakini mkia wa joka linapokata roho unatikisa mti, jani linaangukia mgongoni mwake, na pale damu haikufika. Mkewe Kriemhild anamwamini Hagen, mtu wa mfalme, na kwa kutaka mumewe alindwe anashona alama kwenye nguo palepale penye jani. Kuna mahali Kriemhild anauona mti uliojaa maua ukigeuka pole pole kuwa fuvu la kichwa. Kwa kasi ile ya mwandishi wenu, ungedhani rili imechafuka.

Tulipofika pale wanapokwenda kuwinda, mjukuu akajituliza kwa kanuni ile ile tuliyokua nayo sisi vitini: stelingi hafi. Nikanyamaza. Siegfried akapiga magoti kwenye chemchemi anywe maji, mkuki ukamwingia mgongoni. Mtoto alikaa kimya kabisa, halafu akasema, "Huyu si Liyongo?"

Nilimkumbatia. Fumo Liyongo naye chuma hakikumdhuru, akawa na mahali pamoja tu, kitovuni, kwa sindano ya shaba, na siri ikatolewa na mtu wa nyumbani, mwanawe. Naye alikwenda kufia kisimani, amepiga magoti na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Nani amewafundisha Wajerumani wa mto Rhine na watu wa Pate kumaliza habari zao kwenye maji, wanazuoni watatuambia. Mimi najua tu kwamba msichana wa miaka 15 hakuliona hilo mpaka picha ilipokwenda kwa mwendo wa mwanadamu.

Sikusema filamu haina kasoro. Mambo ya ikulu kule Worms, mji wa mfalme, ni marefu, watu wamepangwa kama kete za bao, na mahali fulani nilisinzia hadi nikaguswa. Yule kibeti Alberich mwenye hazina amechorwa kwa chuki ninayoifahamu inaelekea kwa nani: kwa Wayahudi. Filamu ilifunguliwa kwa maneno ya kuwapa Wajerumani iwe mali yao, miaka 6 tu baada ya kushindwa vita, vile Vita vya Kwanza vya Dunia ambavyo sisi hapa Tanga tuna makaburi yake. Na mwaka 1933, Hitler alipokwisha kushika nchi, sehemu hii ya kwanza ilifupishwa, ikatiwa sauti, ikarudishwa sokoni. Lang mwenyewe mwaka huo huo aliihama Ujerumani. Mwandishi wenu angeandika hayo, ningemwunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kusema watu wa kale hawakujua kazi, na kumbe kosa ni la mashine, hilo kwetu maopereta lilikuwa linakatwa mshahara.

Namwomba airudie kwa mwendo wa 0.75, usiku, taa zimezimwa, na awe na mtu wa kumsomea. Sisi Jumamosi tunaanza sehemu ya pili, kisasi cha Kriemhild. Mjukuu ameshanunua bisi na anasema safari hii lazima mmoja wao apone. Sijamwambia kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Opereta mstaafu,
Ngamiani, Tanga